Mchana Southall, Usiku Soho: Maisha ya Mwanamume Mwasia Shoga Jijini London

Somo la leo linasafiri mpaka London, lakini usije ukadhani tumekuacha nyumbani. Utaona mwenyewe kwamba kuna uzi mrefu kati ya mji ule na Zanzibar, Kampala, Nairobi na Mombasa. Tunawazungumzia wanaume wa asili ya Kiasia wanaowapenda wanaume wenzao. Wanaishije mchana? Wanastarehe wapi usiku? Na katikati ya hayo mawili, afya yao inalindwa na nani?

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Mwingereza akisema Mwasia, mara nyingi anamaanisha yule ambaye sisi huku humwita Mhindi, hata kama wazazi wake wametoka Pakistani au Bangladeshi. Nalo neno shoga lina mambo yake. Kwa wanawake wa Pwani, shoga ni rafiki wa kike wa kupiga naye soga. Mtaani limegeuzwa kuwa neno la kumkebehi mwanamume. Kati ya wahusika wenyewe, wapo wanaolikubali na wapo wanaolichukia. Hapa tunalitumia bila kejeli, kama vile Waasia wa London walivyochukua neno khush, ambalo kwa Kihindi na Kiurdu lina maana ya furaha, wakalifanya jina lao. Yale matusi mengine unayoyajua yaache kijiweni.

WALIFIKAJE HUKO?

Tuanze na mtu ambaye nyimbo zake umezisikia hata kama hukujua ni zake. Tarehe 5 Septemba 1946, Zanzibar, alizaliwa mtoto wa familia ya Kiparsi aliyeitwa Farrokh Bulsara. Alipelekwa shule ya bweni India, akarudi Unguja, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Feltham, pembezoni mwa London. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Aliishi na mwanamke kwa miaka kadhaa, na miaka yake ya mwisho aliishi na mwanamume. Hakupenda kuyazungumza hayo magazetini. Tarehe 23 Novemba 1991 alitangaza kwamba ana Ukimwi. Kesho yake akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 45.

Hata baada ya kufa hakuachwa apumzike. Mwaka 2006 kulipangwa sherehe Zanzibar ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe, lakini kikundi cha kidini kikapinga na sherehe ikafutwa. Mwaka 2019 ikafunguliwa nyumba ya makumbusho yake hapo hapo Mji Mkongwe. Watalii wanapanga foleni. Mambo hayo!

Freddie hakuwa peke yake kwenye safari ile. Mwishoni mwa miaka ya sitini Waasia wengi wa Kenya waliondoka kwa wingi kwenda Uingereza. Kisha Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Watu zaidi ya 27,000 wakaingia Uingereza wakiwa na masanduku na watoto. Wengi walikaa Leicester, na wengine mitaa ya London kama vile Wembley na Harrow. Mpaka leo ukienda Wembley utakuta mkahawa wa Kihindi unauza mogo. Mogo ni nini? Ni muhogo wetu huu huu, wa kukaanga, wenye pilipili na ndimu. Na jikoni mama bado anasema sufuria, kisu na fagio katikati ya Kigujarati chake.

Sasa fikiria kijana aliyezaliwa katika nyumba kama hiyo. Babu alikuwa na duka Jinja, baba anaendesha duka la magazeti na peremende London, mama anafanya kazi kiwandani. Na yeye, tangu akiwa na miaka 13, anajua kwamba moyo wake unawaelekea wavulana. Amwambie nani?

MCHANA: HESHIMA YA NYUMBA

Waasia wana neno izzat. Ni neno lenye asili ya Kiarabu, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa maana yake, kwa sababu sisi tuna heshima na aibu, tena tunazijua vizuri. Izzat si mali ya mtu mmoja. Ni ya ukoo mzima. Kijana akifanya jambo, wanaoulizwa msikitini, hekaluni au gurdwara ni wazazi wake. Dada yake anaweza kukosa mchumba. Ndiyo maana vijana wengi wa Kiasia wanaojijua kuwa mashoga hawasemi kwamba wanaogopa kupigwa tu. Wanaogopa kumvunjia mama yao uso mbele ya watu.

Halafu kuna shangazi. Kila familia inaye. Kijana akifika miaka 25, harusi haipiti bila kuulizwa:

"Mwanangu, na wewe pilau lako tutalila lini?"

"Bado nasoma, shangazi."

"Unasoma mpaka upate mvi?"

Basi watu wanacheka, na kijana anacheka nao, huku tumbo linamkata. Picha za wasichana zinaanza kuletwa, na karatasi yenye maelezo ya kila mmoja: kabila, urefu, elimu, kazi ya baba. Wengine wanakubali ili yaishe. Tamthilia ya EastEnders ya televisheni ya BBC ilimleta mwaka 2009 kijana Mwislamu wa familia ya Kipakistani, Syed Masood, aliyempenda mwanamume lakini akamwoa msichana ili kuwaridhisha wazazi. Watazamaji wengine walikasirika, wengine walilia, lakini kwa mara ya kwanza familia nyingi za Kiasia zilikaa sebuleni na jambo hilo likiwa mbele yao. Kabla yake, mwaka 1985, filamu ya My Beautiful Laundrette, iliyoandikwa na Hanif Kureishi, ilikuwa imeonyesha kijana wa asili ya Kipakistani na mpenzi wake Mzungu wakiendesha dobi la mashine kusini mwa London.

Hapa lazima tuseme jambo moja waziwazi. Ndoa ya namna hii inamuumiza mtu wa pili pia. Yule binti hajui kitu. Anadhani ana kasoro, maana mume hamgusi, au anamgusa kwa kujilazimisha na kisha anatoka usiku. Kama mume anafanya ngono nje kwa siri na bila kinga, mke naye anaingia hatarini bila kuulizwa. Wanaosema "mwoze tu, atapona" wanapaswa kumfikiria binti huyo kwanza. Mapenzi ya mtu si malaria. Uingereza ilifanya kumlazimisha mtu kuolewa au kuoa kuwa kosa la jinai mwaka 2014, na sheria hiyo inawalinda wavulana pia. Kuna kitengo maalumu cha serikali kinachopokea simu za vijana wanaohofu kupelekwa nje ya nchi wakaozeshwe huko.

USIKU: KUTAFUTA PA KUCHEZA

Ikifika Jumamosi jioni, kijana wetu anaaga nyumbani kwamba anakwenda kusoma kwa rafiki. Shati la kung'aa liko ndani ya begi, chini ya vitabu. Anabadilisha chooni stesheni. Anashuka katikati ya mji, anatembea mpaka Soho, mtaa wa Old Compton, ambako baa zina bendera za upinde wa mvua na wanaume wanashikana mikono bila kugeuka nyuma. Pale karibu na Charing Cross, chini ya matao ya reli, kuna klabu ya Heaven iliyofunguliwa mwaka 1979. Kwa mtu aliyetoka nyumba yenye macho kumi, kuingia mahali kama hapo ni kama kuvua viatu vinavyobana.

Lakini ngoja kwanza. Je, akiingia amefika? Waasia wengi wanasimulia kwamba si hivyo. Mlangoni baunsa anawaruhusu Wazungu watano, anamgeukia yeye: "Unajua hii ni baa ya namna gani?" Ndani watu wanamwangalia kana kwamba amepotea njia. Mwingine anamfuata kwa sababu moja tu, kwamba anapenda "ngozi ya kahawia", kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Kwa hiyo nyumbani anaficha kwamba ni shoga, na Soho hawezi kuficha kwamba ni Mwasia. Ndipo wengi walipoanza kuuliza: kwani hatuwezi kuwa na pahali petu?

Mwaka 1988 kikaanzishwa kikundi cha Shakti, cha mashoga na wasagaji wa asili ya Asia ya Kusini. Shakti ni neno la Kisanskriti, maana yake nguvu. Walikutana kuzungumza, kula, kusaidiana, na pia kucheza disko. Kisha mwaka 1995 ukaanza usiku wa Club Kali katika ukumbi wa Dome, Tufnell Park, kaskazini mwa London. Waanzilishi walikuwa wanawake wawili, mmoja wao DJ Ritu. Kali ni jina la mungu wa kike wa Kihindu, yule mwenye ulimi nje na shanga za vichwa, kwa hiyo usidhani ni neno letu la Kiswahili, ingawa muziki wake ulikuwa mkali kweli.

Tuelezane ulivyokuwa, maana hapa ndipo penye uhondo. Bhangra ya Punjab na ngoma yake ya dhol, nyimbo za filamu za Bombay, muziki wa Kiarabu, vyote vinachanganywa na midundo ya disko za Kizungu. Wanaume wamevaa jinsi na fulana, wengine sari na bangili mpaka kwenye viwiko, wakicheza kama wale mastaa wa sinema ambao mama zao waliwaangalia kwenye kanda za video kila Jumapili. Kumbuka wimbo ule ule kijana aliuchezea harusini kwa dada yake, akijizuia mabega yasilegee sana. Hapa anaachia mabega. Waliofika kwa mara ya kwanza husimulia mshangao wa kuona ukumbi mzima wa watu wenye sura za binamu zao. Na wakati mwingine alikuwa binamu kweli! Wote wawili wanashtuka, halafu wanacheka, maana siri sasa ni ya wawili.

Pembeni, kwa wasiopenda kelele, palikuwa na mazungumzo, na wakati mwingine watu wa afya wakigawa kondomu na vijikaratasi. Baadaye yakaja mengine: kikundi cha Imaan cha Waislamu mwaka 1999, Sarbat cha Masingasinga, na disko jipya la Hungama mashariki mwa mji. Tukumbuke pia kwamba kumbi za starehe za mashoga London zimepungua sana. Kati ya mwaka 2006 na 2017 zaidi ya nusu zilifungwa, baadhi kwa sababu ya kodi kubwa za majengo. Wenye fedha kidogo ndio wa kwanza kukosa ukumbi.

Kurudi nyumbani ni somo jingine. Mabasi mengi ya usiku ya London yana herufi N mbele ya namba. N207 linapita Southall hadi Uxbridge, na saa kumi alfajiri limejaa walevi, wauguzi, wafagiaji na vijana wa disko. Shati la kung'aa limerudi begini. Wanja umefutwa kwa mate. Ukisikia vijana wanatukana nyuma, unakaa chini karibu na dereva, na ni afadhali uwe na mwenzako. Ushauri huo unafaa London, unafaa na Dar es Salaam.

MABOMU YA APRILI 1999

Mwezi Aprili 1999 mtu mmoja mwenye siasa za Kinazi alitega mabomu matatu ya misumari jijini London. La kwanza lililipuka tarehe 17 Brixton, mtaa wenye watu weusi wengi. La pili tarehe 24, Brick Lane, mtaa wa Wabangladeshi. La tatu tarehe 30, ndani ya baa ya Admiral Duncan, Old Compton Street, Ijumaa jioni watu wamejaa. Hapo walikufa watu 3, mmoja wao mama mjamzito, na makumi wakajeruhiwa, wengine wakipoteza miguu.

Hesabu mwenyewe. Mwanamume Mwasia shoga alikuwa na haki ya kulia mara mbili ndani ya wiki moja, kwa mtaa wa wazazi wake na kwa mtaa wake. Na jirani aliyelaani bomu la Brick Lane lakini akanyamaza juu ya la Soho, alimwambia kitu bila kufungua mdomo.

SHERIA, KWA UFUPI

Mnamo 1860 Waingereza waliitungia India sheria ya makosa ya jinai yenye kifungu namba 377, kilichofanya mapenzi ya wanaume kuwa kosa. Sheria za namna hiyo zikaenezwa katika makoloni mengi, pamoja na huku kwetu Afrika Mashariki. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema ushoga uliletwa na wakoloni, mwambie kilicholetwa na wakoloni kwa maandishi ni kifungo. Uingereza yenyewe ilianza kulegeza mwaka 1967, kwa England na Wales, kwa wenye miaka 21 na zaidi, wakiwa faraghani. Umri ukashushwa hadi 18 mwaka 1994, ukawa 16 sawa na wengine mwaka 2001. Ndoa iliruhusiwa mwaka 2014. Katikati hapo, kuanzia 1988 hadi 2003, kulikuwa na sheria iliyozikataza halmashauri "kuendeleza" ushoga, na walimu wengi wakaogopa hata kumsikiliza mwanafunzi anayelia. Mahakama ya Juu ya India ilikata makali ya kifungu 377 tarehe 6 Septemba 2018. Kenya, Tanzania na Uganda sheria bado zipo, na Uganda iliongeza ukali mwaka 2023. Msomaji wa huku ajue hali ya nchi yake kabla ya kuiga mambo ya Old Compton Street.

AFYA: KWA NINI WAASIA WALICHELEWA?

Ukimwi ulipoingia London miaka ya themanini, mabango ya serikali yalikuwa ya Kiingereza, na picha zilikuwa za Wazungu. Waasia wengi wakasema: haya si yetu. Nao watu wa afya, baadhi yao, wakadhani kwa Waasia ushoga haupo kwa sababu ya dini. Matokeo yake ni kwamba mtu anaugua, anaficha, anafika hospitali akiwa hoi, na familia inawaambia majirani ni kifua kikuu. Mwaka 1991, mwaka ule ule aliokufa Freddie, Shivananda Khan na wenzake walianzisha Mradi wa Naz jijini London ili kuwafikia watu wa jamii hizo kwa lugha zao. Jina la Naz lilifika hadi Delhi. Shirika la Naz Foundation la India ndilo lililofungua mwaka 2001 ile kesi ya kifungu 377.

Dawa za mchanganyiko zinazodhibiti VVU zilianza kupatikana mwaka 1996, miaka mitano baada ya kifo cha Freddie. Leo mambo ni tofauti kabisa. Tupime tunayoyasikia vijiweni.

"Mwenye VVU lazima atamwambukiza mpenzi wake." Si kweli. Akimeza dawa vizuri kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, na akaendelea hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Utafiti umelithibitisha hilo kwa wapenzi wa jinsia moja pia.

"Kondomu na mafuta ya nazi, shwari." Hapana bwana! Mafuta ya aina yoyote, ya nazi, ya mgando au losheni, yanaidhoofisha kondomu ya mpira na inapasuka. Tumia kilainishi cha maji au cha silikoni. Kwa ngono ya nyuma kilainishi si anasa, kwa sababu sehemu hiyo haina ute wake wa kutosha na ngozi yake huchanika upesi.

"Kuna kidonge cha kuzuia VVU." Kweli. Kinaitwa PrEP, na mtu asiye na VVU anakitumia kabla ya kujamiiana. Kliniki za magonjwa ya ngono za England zinakitoa bure tangu mwaka 2020, na Kenya ilianza kukitoa mwaka 2017. Lazima upimwe kwanza, na unywe kama ulivyoelekezwa. Hakizuii kaswende wala kisonono, kwa hiyo usiitupe kondomu.

"Ukikosea usiku, kesho imekwisha." Si kweli, lakini saa zinakwenda. Kama kondomu imepasuka au umefanya bila kinga na hujui hali ya mwenzako, kuna dawa za dharura zinazoitwa PEP. Zinaanzwa ndani ya saa 72, na kila saa unayowahi ni faida, hasa ndani ya saa 24 za kwanza. Zinamezwa siku 28 mfululizo. Usisubiri Jumatatu. Nenda hospitali usiku huo huo.

"Nimepima mkojo, niko safi." Inategemea. Kisonono na klamidia hukaa pia kooni na njia ya nyuma, mara nyingi bila maumivu yoyote. Mkojo hautaviona. Mwambie mhudumu ukweli wa unachofanya ili achukue kipimo cha pamba mahali panapohusika. Uliza pia chanjo ya homa ya ini aina A na B, na ya HPV. Tena mwaka 2022 ugonjwa wa mpox ulipoenea London kati ya wanaume wanaojamiiana na wanaume, waliosimama foleni kuchanjwa ndio waliosaidia kuuzima.

MADAWA NDANI YA STAREHE

Kuna jambo ambalo wazee wa Shakti hawakulikuta kwa ukubwa huu. Disko zikipungua, starehe nyingi zimehamia vyumbani, zikipangwa kwa simu. Programu ya Grindr ilianza mwaka 2009. Kijana asiyethubutu kukanyaga Soho sasa anaona nani yuko umbali wa mita 300. Ni nafuu kwa mpweke, lakini kwenye maelezo ya watu kulijaa maneno kama "sitaki Waasia", waziwazi. Mwaka 2020 kampuni hiyo iliondoa kichujio cha kuchagua watu kwa kabila. Maneno ya watu ni kazi ngumu zaidi kuyaondoa.

Katika mikutano hiyo ya vyumbani wengine hutumia kristali, mefedroni, na kimiminika wanachokiita G. Wanakesha siku mbili bila kula, kondomu zinasahauliwa, dawa za VVU zinarukwa. Kijana ambaye amekataliwa mlangoni, amekataliwa kwenye simu, na nyumbani anaigiza, anaambiwa hapa hatimaye anatakiwa. Ndiyo maana kumkaripia hakusaidii. Kuhusu G, jua hili: tofauti kati ya kiasi cha kulewa na kiasi cha kuua ni ndogo mno, na ikichanganywa na pombe mtu anaweza kuacha kupumua. Mwenzako akilala na haamki, usimwache "alale ipungue". Mgeuze kwa ubavu, hakikisha anapumua, piga simu ya gari la wagonjwa (London ni 999), ukae naye, na waambie wahudumu wa gari alichotumia. Woga wa polisi na woga wa mama kujua umewaua watu ambao wangepona.

BARUA ISIFIKE KWA MAMA

Swali ambalo vijana wengi wa Kiasia huuliza ni hili: nikienda kupima, nyumbani watajua? Kliniki za magonjwa ya ngono England ni bure na zina siri yake. Hazimpelekei taarifa daktari wa familia bila ruhusa yako, na hilo ni kubwa, maana daktari wa familia anaweza kuwa rafiki wa baba msikitini. Katika Soho iko kliniki ya 56 Dean Street, iliyozoea wateja wa namna hii. Hata hivyo usiondoke kaunta kabla hujasema namna ya kukupata. Waambie wapige simu yako ya mkononi au watume ujumbe mfupi, barua isije nyumbani. Ukiomba kifurushi cha kujipima, huja katika bahasha isiyo na maandishi ya hospitali, lakini nyumba ambayo mama hufungua bahasha zote, bahasha isiyo na jina ndiyo atakayoifungua kwanza. Basi kafuate mwenyewe kliniki.

Na kama unasoma haya ukiwa Kisumu au Tanga, kauliza kwanza katika kituo unachokusudia kwenda: majibu yanaandikwa wapi, nani anayaona, na kama kuna siku au mhudumu wa vijana. Unaweza kuuliza bila kutaja jina lako wala sababu yako. Mhudumu akijibu vizuri swali la siri, rudi kwake. Akicheka na mwenzake, toka ukatafute kituo kingine, lakini usiache kupima.